Mkeka Uliotundikwa Ukutani

Kwa mwanangu mpenzi Mwanaidi, nyumbani kwetu Matemwe.

Assalaam aleikum. Mwanangu, kwanza nakusalimu wewe, kisha nawasalimu wote waliomo nyumbani, mmoja mmoja, asije akabaki mtu akasema Pili kaenda mjini kasahau alikotoka. Mshike mkono bibi yako, mama yangu, umwambie mwanawe anamwamkia shikamoo, na anauliza habari ya goti lake. Yale mafuta ya mbarika niliyompelekea anayapaka, au kayatia kibwetani kama ada yake, akingoja ugonjwa mkubwa zaidi? Msalimie mjomba wako Ame, umwambie habari ya ng'ombe wake kuzaa imenifika na nimefurahi, na ndama akishatosheka asimsahau dada yake kwa samli. Msalimie mkewe Bi Siti, na nauliza zile kamba za kitanda zimefika wapi, makumbi yameshafukuliwa pwani au bado yanaoza? Msalimie mdogo wako Vuai. Anakwenda chuoni kusoma Kurani au anakwenda kuvua pweza? Mwambie mama kauliza, na asiseme uongo, nitajua. Wasalimie majirani zetu wa mlango wa nyuma wote, na yule aliyekuwa na homa, na aliyejifungua, Mungu amkuzie.

Na wewe mwenyewe, hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Usioge maji ya kisima kabla jua halijapanda. Kula. Mwari akikonda watu husema hakutaka kuolewa.

Mimi huku ni mzima wa mwili. Kazi yangu ni ile ile, kufua na kupiga pasi kwa yule bibi wa mtaa wa Malindi, na jioni narudi Ng'ambo chumbani kwangu. Mchele ninao, mkaa ninao. Moyo ndio ulioumwa, mwanangu, na aliyeuuma ni mtu niliyekuwa nampa mgongo nikalala.

Utaona mwandiko huu si wa yule mzee wa karibu na msikiti anayetuandikia barua sisi wanawake wa mtaani. Ni wangu. Yule mzee ni mtu mwema, lakini kila neno ulilomwambia hulirudia kwa sauti kabla hajaliandika, na dirisha lake liko njiani. Mambo haya hayafai kupita dirishani. Basi nimechukua kalamu mwenyewe kwa herufi zile nilizofundishwa chuoni nikiwa mdogo, naandika kidogo kidogo nikishaweka pasi chini. Ukikuta mahali pameandikwa ovyo, hapo mkono ulichoka, au nilikuwa nalia. Soma polepole.

Wewe unayajua ya mwanzo, lakini nataka kuyapanga ili nami nipate kuyaelewa.

Tangu nije mjini nimo katika kikoa cha ukili. Nilipofika nilidhani wanawake wa mjini hawajui kusuka, nikawacheka kimoyomoyo. Kumbe wengi ni watoto wa shamba kama sisi, mikono inawawasha wakikaa bure. Kila baada ya alasiri tulikuwa tunakaa uani kwa Bi Tatu, yule muuza maandazi niliyekwambia, kila mtu na fundo lake la ukindu na bakuli la maji ya kulowesha chane, ule ukindu uliokwisha kuchanwa. Tunasuka, tunateta, tunacheka. Ukili wote unaosukwa, mikanda kwa mikanda, unakuwa wa mmoja, mwenye zamu, mpaka umtoshe kushona mkeka wake. Akishatosheka, zamu inakwenda kwa mwengine. Hapana anayepima, hapana anayesema mimi nimesuka zaidi yako. Leo kwako, kesho kwangu, na mkono wa mwenzio hauna bei.

Mimi nimewasukia wote. Nimemsukia Bi Tatu mwenyewe mjukuu wake alipozaliwa. Nimemsukia mjane wa jirani mkeka wa kukalia eda. Nimesuka nikiwa na homa, nimesuka na vidole vimechubuka kwa sabuni ya kufulia. Na sikutaka zamu yangu ije haraka. Niliwaambia, mimi niwekeni mwisho, namngoja mwanangu apate mtu.

Ukampata. Alipokuja Bi Mize kwetu Matemwe na siniya ya posa, kumposea Makame, mtoto wa kaka yake aliyemlea mwenyewe tangu mdogo, nilimwona kama ni mtu aliyeletwa na Mungu. Unakumbuka alivyokaa kwenye mkeka wa bibi yako? Alipitisha kiganja juu yake, akaenda nao, akarudi nao, akasema, "Mkono uliosuka huu ndio ninaoutaka nyumbani kwangu." Bibi yako, ambaye halainishwi na sifa kirahisi, siku ile alitoa halua yake ya akiba.

Basi tukakubaliana kama desturi yetu. Kitanda ni cha kwao, mkeka ni wetu. Makame ni seremala, kitanda achonge mwenyewe. Kamba za kukiwamba zisokotwe na Bi Siti. Mkeka wa juu usukwe na mama yake bibi harusi. Na wewe ukasema chane utazipika rangi wewe, mama asuke ulichokipika mtoto. Nilifurahi kwa neno lile kuliko ninavyoweza kuandika.

Chane zako zilifika kwa mkono wa Makame, siku aliyokuja kuwaamkia. Kazipakata garini njia nzima. Mvua ilipoanza kuingia ubavuni kavua koti lake akazifunika, mwenyewe kafika mjini karowa kama mwiko. Akanipa moja moja: nyeupe zilizoanikwa umandeni, nyekundu, nyeusi zilizopikwa kwa mdaa. Na lile fundo moja lililotoka rangi ya kahawa, kwa kuwa ulikwenda kufukuza kuku na moto ukazimika chini ya chungu. Akacheka, akasema, "Hili kasema nikuombee radhi, mama." Nikamwambia hili ndilo nitakaloliweka katikati. Nilimwombea dua kijana yule siku ile. Angalia hapo, mwanangu, usipasahau: Makame alizishika chane zako kwa mkono wake na lile fundo la kahawa alilijua.

Sasa zamu ilikuwa imefika kwangu. Tukiwa uani, Bi Mize, ambaye naye ni mwenzetu wa kikoa, akanisogelea, akakaa goti kwa goti. Akasema ana aibu kuniomba, lakini kwa nani mwengine ataomba ila kwa mkwewe. Ati ana binti wa dada yake huko Chukwani, kaposwa, na upande wa bwana wana haraka, wanataka harusi kabla ya mwezi wa Ramadhani, na mtoto hana hata mkeka wa kutandika. Nimpishe zamu. Harusi yako wewe iko mbele, wakati upo.

Ningesemaje? Mkwe haombi akanyimwa. Kama ningekataa ungeingia nyumba ile na neno limetangulia mlangoni. Nikampisha. Tukasuka. Chane nyeusi zikatupungukia, akaja tena, akasema, "Bi Pili, zile za Mwanaidi si umeziweka tu? Niazime, nitakurejeshea nyengine. Vyangu vyako, si tushakuwa kitu kimoja?" Nikazitoa. Na nikishatoa mimi sijui kutoa nusu. Nilisuka ule ukili wa nakshi ya bibi yako, ya macho madogo yanayokimbia na kurudi, jeusi kwa jeupe, na kahawa yako katikati kama nilivyosema, maana ilikaa vizuri mno. Nilijiambia, huyu wa Chukwani naye ni mtoto wa watu, na akiwa wifi yake Mwanaidi ni heri iliyobaki ndani. Mkeka nikaushona mimi, nikaupiga pindo mimi. Wanawake wakanisimamia kuutazama. Mjane akasema, "Mkeka huu mtu ataona uvivu kuamka." Tukacheka sana.

Kisha zikapita siku. Nikawa naulizia chane za kurejeshewa, nikaambiwa kesho. Nikaulizia harusi ya Chukwani, nikaambiwa imesogezwa.

Siku moja ilikuwa imeingia meli ya Wazungu, mji umejaa. Bibi wa Malindi akanituma kupeleka gauni lililopigwa pasi kwa jamaa yake Shangani. Nikapita ile njia ya maduka yanayouza vitu kwa wageni, vijisanduku vya njumu, pembe, shaba kuukuu. Sina kawaida ya kutazama ndani, hakuna kilicho changu mle. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ukutani, juu, palipo na mwanga, nikauona.

Mkeka umetundikwa ukutani, mwanangu. Umepigiwa misumari kwenye pindo langu. Sijapata kuona mkeka ukutani. Mkeka si wa chini? Si wa kulaliwa, wa kuzaliwa juu yake, wa kufia juu yake? Wamesimama Wazungu wawili, mama na bwana wake, wanautazama vichwa upande, na yule mama kanyoosha kidole anafuata ile nakshi, anakwenda nayo na kurudi nayo, kama bibi yako anavyomfundisha mtoto. Na katikati ile kahawa yako.

Sikufichi: kwanza nilifurahi. Nilikuwa na gauni la watu mkononi na nikafurahi kama mwehu, nikasema moyoni, tazama Mwanaidi, kuku wako kafika ukutani Shangani. Ndipo akili ikanirudi, nikajiuliza, umefikaje hapa?

Wazungu walipotoka niliingia. Nikasogea, nikainua mkono niguse pindo, nione kama misumari imelichana. Mwenye duka akasema, kwa upole, hakunitukana, "Bibi, usiguse tafadhali. Una buluu mkononi." Nikaangalia vidole vyangu, kweli, vina buluu ya kufulia, haitoki. Nikaurejesha mkono. Nikamuuliza mkeka huu kautoa wapi. Akasema huu ni kazi nzuri ya zamani, siku hizi hakuna wanaojua. Nikamwambia naam. Nikamuuliza aliyeuleta ni nani. Akasema kauziwa na mwanamke wa Ng'ambo, mnene, ana dhahabu puani, na kijana aliyeubeba ni fundi seremala, maana aliutazama mlango wa duka akaurekebisha bawaba bila kuombwa.

Mwanangu, hapana mwengine katika dunia anayetengeneza bawaba ya mlango wa watu bila kuombwa. Hata wangu kautengeneza hivyo hivyo.

Nilipeleka gauni. Sijui nilipita njia gani. Nilikwenda moja kwa moja uani kwa Bi Tatu, na wote wamekaa, na Bi Mize kati yao, anasuka. Sikusalimu vizuri, Mungu anisamehe. Nikauliza, "Bi Mize, harusi ya Chukwani lini?" Akasema, "We nawe, si nshakwambia imesogezwa." Nikamwambia, mkeka nimeuona. Hakushtuka. Alilowesha chane yake, akaendelea. Akasema posa ya mtoto imevunjika, na mkeka ukikaa utaliwa na mchwa, basi kauuza, kuna ubaya gani.

Hapo mjane akatia neno, maana kwao ni Chukwani. Akasema binti ya dada yake Bi Mize anamjua, kaolewa zamani, na ana watoto, mmoja ameanza kutembea. 

Nikamwambia, "Tumekusukia kwa kikoa, Bi Mize. Mikono yote hii. Na chane za mkweo."

Akaweka ukili chini, akanitazama, na alichosema nakuandikia kama alivyokisema, maana sitaki kukiongeza wala kukipunguza. "Bi Pili, usinifanye mwizi mbele za watu. Nimeiba nini? Ukindu si majani? Umeota wenyewe msituni, hapana aliyeupanda. Na kusuka mmesuka mkipiga soga. Kazi ni ile unayofua Malindi ukapewa ujira. Hii ni mikono tu, ingekuwa inajikuna."

Nikamuuliza, "Na mikono yetu nayo imeota msituni?"

Akacheka kidogo, kama anayembembeleza mtoto. Akasema nisihuzunike, Mwanaidi hatalala kwenye kamba tupu, atamnunulia zulia la dukani, lina tausi wawili wanatazamana, la kisasa, hata nyumba za Shangani wanayo. Akasema watoto wa siku hizi hawataki mikeka, ni sisi tunaowalazimisha. Na Wazungu nao wanaitundika mikeka, na wao wanaweka mazulia chini, dunia imegeuka, Bi Pili, wewe umeganda.

Labda kweli nimeganda. Lakini nilimtazama mtu huyu aliyepitisha kiganja juu ya mkeka wa mama yangu, na nikafahamu kwamba siku ile alikuwa anaupima, na sisi tukadhani anausifu. Hilo ndilo lililonichoma. Halua ya bibi yako ilikuwa ya bure.

Nilidhani wenzangu watasema neno. Mjane alilia, lakini analia kwa kila kitu tangu afiwe. Mmoja akasema, "Bi Pili, ungenyamaza mpaka harusi ipite." Mwengine akasema kama mikeka inauzika Shangani, kwa nini hatukuambiwa sote tukauza. Bi Tatu, mwenye ua, rafiki yangu, aliyekula ukili wangu wa kwanza, kainama anapanga maandazi yake kwenye sinia, anayapanga na kuyapangua. Kisha kila mmoja kafunga ukindu wake, kamwaga maji yake, katoka. Kikoa kimekwisha hivyo, kwa maji kumwagwa. Tangu siku ile nikipita wananiamkia vizuri sana, kama wanavyomwamkia mgeni.

Sasa Makame.

Alikuja kuniamkia kama kawaida yake, kaniletea samaki wawili, changu, kasimama mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia aingie, akae. Nilikuwa nimejiapiza nitanyamaza, lakini unanijua. Nikamuuliza mkeka wa shangazi yake alioupeleka Shangani alijua ni mkeka gani.

Akasema aliambiwa abebe, akabeba.

Nikasema, sikukuuliza hilo.

 Alikuwa na kipande cha mti mkononi, sijui kwa nini mafundi seremala lazima washike kitu, akawa anakigeuza. Nikamwambia, "Ile rangi ya kahawa, Makame. Uliyoniombea radhi." Akainamisha kichwa, na masikio yake yakaiva. Basi nikajua kwamba alijua. Aliubeba begani kutoka Ng'ambo mpaka Shangani, na njia nzima alikuwa anaijua ile kahawa.

Akasema, "Shangazi ndiye mama yangu. Hakuna mwengine aliyenilea." Nikamwambia hilo nalijua. Akasema hakutaka kumtia aibu. Nikamwambia na mimi je, na yule aliyezimikiwa na moto? Akamfukuza paka aliyekuwa anawatolea macho wale changu. Halafu akasema, "Mama, niachie mimi. Ijumaa nakwenda Matemwe kupima chumba cha fungate, kitanda kipite mlangoni. Nitasema naye mwenyewe."

Nikamwambia vema. Akaondoka. Samaki nikawapika, sikuwatupa, ni riziki.

Mwanangu, sikiliza sasa, hapa ndipo kiini. Barua hii nampa dereva wa gari la Matemwe Jumatano, utaipata kabla Makame hajafika. Ukishaisoma mpe bibi yako aifunge kwenye pindo la kanga yake, na wewe uwe kama hujui lolote. Makame akija, mkaribishe kama siku zote. Mpikie. Usimkunjie uso, usimuulize habari za mkeka, usimpe hata mlango wa kuingilia neno hilo. Mwache apime chumba chake. Kaa ukumbini na bibi yako mnasuka, basi, na umsikilize.

Kwa ajili ya hilo nakutumia kifurushi kidogo pamoja na barua. Ni mwanzo wa ukili nilioanza mwenyewe chumbani, baada ya kikoa kuvunjika, kwa chane zako chache zilizosalia mkeka ule ulipokwisha, nilizoziweka chini ya kitanda changu. Ni mfupi, haujafika hata kiwiko. Nakshi ni ile ile. Chane zake nimeziacha ndefu, zimefungwa kwa uzi, usizikate, usifumue. Ziloweshe, ngoja zilainike, kisha endelea pale nilipoachia, na mkono wako uulegeze kidogo, wewe unavuta mno. Wewe ukichoka ashike bibi yako, bibi yako akichoka ashike Bi Siti, akishamaliza kamba zake. Huko kwetu bado mtu akisuka na mwenzie anajua anachokifanya. Na ukipika chane nyeusi nyengine, fundo moja litoe mapema makusudi, liwe kahawa. Kuku waachie Vuai.

Makame akikwambia mwenyewe, kabla hujamuuliza, kwamba aliubeba mkeka wako na alijua ni wako, basi msikilize mpaka mwisho. Mtu anayeweza kusema jambo lililomkalia kooni mbele ya mwari na bibi yake, huyo anaweza kukaa na shangazi yule na asimezwe. Ukiwa bado unamtaka, mimi nitashona mkeka huo nikiwa kipofu. Zulia la tausi tutampa mbuzi.

Lakini akila chai yake, akasifu maandazi, akapima mlango wenu, akatengeneza bawaba, akaaga, na hakusema, hapo mwanangu sitakulazimisha wala sitakuzuia, ila nitakwambia ninaloliona. Nyumba ile watakutandika chini, siku moja watakutundika ukutani, na kila siku atakuwapo mtu anayejua na hakusema. Siniya ya posa nitairejesha mwenyewe, mimi sio wa kwanza, na maneno ya watu nimeshayazoea, yananipita kama maji ya buluu.

Sikufichi tena jengine: namtaka aseme. Kila nikipiga pasi namwona anavua koti lile kwenye mvua. Nimemwombea dua mara nyingi kuliko ninavyopaswa, kwa mtu aliyenifanyia vile. Moyo wa mama mjinga.

Nisalimie tena mama yangu, na asiponijibu ujue anasikia. Nisalimie kaka yangu mwenye ng'ombe, na mkewe msokota kamba, na mtoto wangu wa mwisho mwenye kupenda pwani. Jirani zetu waambie nipo, nafua. Habari hizi wasijue bado.

Mimi mama yako mwenye kukupenda,
Pili binti Haji, Ng'ambo, Unguja.

Mwanaidi, gari linarudi mjini Jumamosi asubuhi. Usingoje kuandika barua ndefu. Mpe dereva karatasi na uikunje, neno moja linanitosha, kasema au hakusema. Nitakuwa Darajani tangu alfajiri nalingoja gari, na mikono yangu nitaiosha kwanza, nisije nikaichafua karatasi yako. Fanya haraka, mwanangu.